Shamba Lijenge Ploti, Ploti Isile Shamba



Viazi vikiisha kuuzwa na pesa zikiwa mfukoni, neno linalosikika sana siku hizi si mbegu wala ng'ombe wa gredi. Ni ploti. Mkulima ajiuliza: "Nikinunua ploti mjini, nikajenga vyumba vya kupangisha, je, sitakula kodi kila mwezi bila kushika jembe?" Swali hili ni jema, wala simlaumu mtu anayeliuliza. Katika ofisi ya kilimo ninamojaza fomu na kuandika barua, watu wengi huja kwa habari ya mbolea, na kabla ya kuondoka huuliza habari ya ploti.

Maoni yangu nitayasema mapema. Ploti ni mali nzuri kwa mkulima, lakini inunuliwe kwa mazao ya shamba, isinunuliwe kwa shamba lenyewe. Ye yote auzaye eka ili ajenge mjini, au awekaye hati ya shamba rehani ili ajenge upesi, anatoa kitu anachokijua apate kitu asichokijua. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Sasa nitaeleza sababu zangu, nawe uzipime mwenyewe.

KWA NINI PLOTI INATAMANIWA

Kwanza tuseme kweli: haja ya ploti si tamaa tu. Skimu zetu za kwanza zilianza mwaka 1962, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokatwa na kupewa Waafrika. Mzee aliyepata eka 15 huko Nyandarua alikuwa na nafasi ya ng'ombe, viazi na pareto. Lakini eka 15 zikigawanywa kwa watoto watano, kila mmoja apata eka 3. Na watoto wale wakizaa watano watano, mjukuu hapati hata eka moja. Shamba la namna hiyo halilishi ng'ombe wala halimlishi mtu. Basi mzazi mwenye busara atafuta njia ya kumpa mtoto urithi mwingine, ili shamba lisikatwe vipande vipande. Ploti yaweza kuwa njia hiyo.

Tena miji inakua. Tazama Ol Kalou. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, mji huo ulikuwa makao makuu ya Kaunti ya Nyandarua. Makarani, wauguzi na walimu wanahitaji mahali pa kulala. Mkulima aliye karibu na mji kama huo aona vyumba vikijengwa kila upande, naye ataka fungu lake. Hilo si kosa. Kosa ni kuingia katika kazi hii bila hesabu.

HESABU KABLA YA MAWE

Mali bila daftari huisha bila habari. Basi chukua kalamu tuandike pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe uweke za mji wako.

Tuseme ploti ya futi 50 kwa 100 ni Sh. 600,000. Wakili, mpima ardhi, ushuru wa stempu na ruhusa ya kujenga, Sh. 100,000. Vyumba 6 vya mawe na mabati, kila kimoja Sh. 250,000, jumla Sh. 1,500,000. Choo na shimo lake, maji, umeme na ua, Sh. 200,000. Jumla ya yote ni Sh. 2,400,000.

Sasa pato. Kila chumba kikipangishwa kwa Sh. 3,500 kwa mwezi, vyumba 6 vyaleta Sh. 21,000 kwa mwezi, yaani Sh. 252,000 kwa mwaka. Wengi huishia hapa, wakafurahi. Lakini hakuna nyumba inayojaa mwaka mzima. Mpangaji mmoja ahamishwa kazi, mwingine aondoka usiku na kodi hakulipa. Toa kodi ya mwezi mmoja kwa kila chumba, Sh. 21,000. Toa pia kodi ya ardhi ya kaunti, kuzibua choo, kufuli zilizovunjika, rangi, na mtu wa kuangalia nyumba, tuseme Sh. 45,000. Zinazobaki ni Sh. 186,000 kwa mwaka, au Sh. 15,500 kwa mwezi.

Gawanya Sh. 2,400,000 kwa Sh. 186,000. Ni karibu miaka 13 kabla ya pesa zako kurudi. Haya si mabaya kwa mtu ambaye pesa hizo ni zake mwenyewe: baada ya miaka 13 nyumba bado imesimama, na kodi yaingia. Lakini kwa mtu wa pesa za kukopa, hesabu hii ni mtego, kama nitakavyoonyesha.

Tena usisahau kodi ya Serikali. Tangu Januari 2024 mwenye nyumba za kukaa watu ambaye kodi zake kwa mwaka zapita Sh. 288,000, na hazizidi Sh. 15,000,000, hulipa 7.5 kwa mia ya kodi yote anayopokea, bila kutoa gharama. Vyumba 6 vya mfano wetu havikufikia kiasi hicho. Lakini ukijenga 8 kwa kodi ile ile, utapokea Sh. 336,000 kwa mwaka, na ushuru wake ni Sh. 25,200. Uweke pesa hizo kando tangu mwanzo.

DENI LA WAZEE NA DENI LA LEO

Wazee wetu waliingia skimu kwa deni. Mkopo wa ardhi wa zile skimu za kwanza ulikuwa wa kulipwa kwa miaka 30, kwa riba ya 6½ kwa mia. Hata kwa masharti hayo ya upole wengi walitaabika kulipa, kwa maana mvua ilikosa, ng'ombe walikufa, na karo ya watoto haikungoja. Kama baba yako au babu yako alikuwa mmoja wao, bila shaka umesikia habari za barua zile za deni.

Sasa litazame deni la leo. Tuseme mkulima ameweka hati ya shamba rehani, akakopa Sh. 1,500,000 za kujengea vyumba vile 6, kwa riba ya 15 kwa mia, alipe kwa miaka 5. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake yakaribia Sh. 200,000 na zaidi. Nazo nyumba zake zaleta Sh. 186,000. Yaani kodi ya vyumba haitoshi hata kulipa riba, sembuse mkopo wenyewe. Malipo ya kila mwezi yatakuwa karibu Sh. 35,700. Nyumba zaleta Sh. 15,500. Hizo Sh. 20,200 zilizopungua zitoke wapi?

Zitatoka katika maziwa. Kama ushirika unalipa Sh. 45 kwa lita, Sh. 20,200 ni lita 449 kwa mwezi, yaani lita 15 kila siku, mvua na kiangazi, kwa miaka 5, kabla mtoto hajanywa kikombe kimoja na kabla hujanunua chumvi ya ng'ombe. Na mwezi wa kwanza ng'ombe akiugua, au mpangaji akikimbia, barua ya benki yaja. Kumbuka ni kitu gani benki imeshika. Haikushika vile vyumba tu, imeshika shamba. Ploti iliyokusudiwa kumwongezea mtoto urithi yaweza kumnyima hata ule aliokuwa nao.

Kuuza eka moja au mbili ili kujenga nako si dawa. Pesa za eka huja siku moja, na eka hairudi. Ukishauza, jirani mpya amekwisha kuweka ua, na ng'ombe wako wamepungukiwa malisho. Kama baadaye vyumba vikikosa watu, huwezi kuvilima.

HATI NI JAMBO LA KWANZA

Tuseme sasa pesa ni zako mwenyewe, za mazao. Bado kuna hatari kubwa zaidi ya wapangaji wabaya, nayo ni kununua kisichouzwa. Mwezi wa Oktoba 2023, huko Mavoko katika Kaunti ya Machakos, nyumba nyingi zilibomolewa katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imesema ni ya kampuni ya simenti ya East African Portland. Wengi wa watu wale walikuwa wamelipa pesa zao, wakidhani wamenunua kwa haki. Nyumba nzuri haimsaidii mtu kama ardhi iliyo chini yake si yake.

Basi fuata hatua hizi, wala usiruke hata moja:

1. Usilipe cho chote, hata pesa za "kushika nafasi", kabla ya upekuzi wa daftari katika ofisi ya ardhi, ule ambao watu huuita sachi. Utaonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna rehani au zuio. Fanya wewe mwenyewe au wakili wako. Usikubali karatasi ya upekuzi uliyoletewa na dalali. Na siku ya kulipa ikikaribia, fanya tena.

2. Uliza ardhi ile ilitoka wapi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi ya ploti moja ya Mombasa, kwamba hati haimlindi mtu kama ardhi ilitolewa mara ya kwanza kinyume cha sheria, hata kama yeye aliinunua kwa wengine baadaye. Mwaka ule ule ilisema pia kwamba barua ya kugawiwa ardhi, peke yake, haimpi mtu umiliki. Kama ploti ilikuwa uwanja wa shule, soko au barabara, iache.

3. Mchukue mpima ardhi, mwende naye mpaka kwenye mawe ya mipaka. Watu wameonyeshwa ploti nzuri kando ya barabara, kumbe nambari iliyo katika hati ni ya ploti nyingine bondeni. Mpima atakuambia pia kama umeingia katika ardhi ya barabara au ukingo wa mto.

4. Uliza kama ardhi ni ya kilimo bado. Ploti nyingi za kandokando ya miji ni shamba lililokatwa juzi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, ardhi ya kilimo haiuzwi, haikatwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya Bodi ya Ardhi, na maombi yapaswa kupelekwa katika miezi 6 tangu mapatano. Bila idhini mapatano ni bure. Kilichobaki ni kudai pesa zako, na kudai si kupata.

5. Kama wauza ni kampuni au chama, elewa kwamba cheti cha hisa si hati. Uliza: hati ya shamba lote ni ya nani? Imekatwa? Kila mnunuzi atapata hati yake lini? Jibu liandikwe katika mapatano.

6. Tazama ushuru wa stempu: ni 4 kwa mia ya thamani katika miji, na 2 kwa mia mashambani. Mtu akikushauri uandike bei ndogo ili kuuepuka, jua kwamba siku ya mabishano utadai bei ile ndogo uliyoandika.

Kwa mambo haya yote wakili ni wa lazima, na awe wakili wako, si wa muuzaji. Ada yake ni ndogo kuliko hasara ya ploti.

ITAZAME PLOTI KWA MACHO YA MPANGAJI

Mkulima hujua kuchagua shamba: atazama udongo, maji na upepo. Ploti nayo ina udongo wake, nao ni watu. Kabla ya kununua, tembea mtaa ule saa ya jioni. Hesabu vyumba visivyo na taa. Uliza wapangaji wanalipa kiasi gani, maji hutoka siku ngapi kwa juma, na wanafanya kazi gani. Kama vyumba vitupu ni vingi, usiseme "vyangu vitakuwa vizuri zaidi"; kila aliyejenga pale alisema hivyo.

Nenda pia mwezi wa Aprili mvua ikinyesha, usiende Januari tu. Udongo mweusi wa sehemu zetu hufanya ploti kavu ya Januari kuwa dimbwi, na choo cha shimo hujaa maji. Hapo gharama ya msingi yaweza kuzidi bei ya ploti.

MANENO YA NYUMBANI

Kuna waume wanaonunua au kuuza kwa siri, wakisema mambo ya ardhi si ya wanawake. Sheria haisemi hivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila kibali cha mume au mke mwenzake. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, fikiri: anayekamua alfajiri ni nani? Ni nani atakayekaa na deni ukifa? Anayejua kiasi cha maziwa ya kiangazi ndiye anayejua kama lita 15 za kila siku zapatikana au hazipatikani. Waite na watoto wakubwa, waone daftari. Ploti inayonunuliwa kwa siri huzaa kesi mwenye nayo akifa.

NJIA NINAYOISHAURI

Fungua akiba moja ya ploti katika chama chenu cha akiba na mikopo, na kila msimu weka fungu la viazi na fungu la maziwa. Zikitosha, nunua ploti kwa pesa taslimu, kwa hatua zile sita. Usijenge upesi. Weka ua, panda hata sukuma, lipa kodi ya kaunti na utunze risiti. Kisha jenga vyumba 2 na choo kitakachotosha 6. Vyumba hivyo viwili, kwa hesabu yetu, vitaleta kama Sh. 62,000 kwa mwaka. Kwa kodi peke yake utajenga chumba cha tatu baada ya miaka 4. Ukiongeza na mazao, baada ya mwaka mmoja au miwili. Ni polepole, lakini usiku utalala usingizi.

Ukihitaji mkopo, uwe mdogo, wa kumalizia mabati au madirisha, na dhamana yake iwe akiba yako au ploti yenyewe. Hati ya shamba ibaki sandukuni. Hiyo ndiyo kanuni moja ninayokuomba uishike hata ukisahau mengine yote.

WATAKAOPINGA

Wengine watasema: "Bei za ploti zapanda kila mwaka. Anayengoja hatapata kitu." Ni kweli kwamba katika miji mingi bei zimepanda. Lakini kupanda kwa bei humfaidia mtu ambaye bado ana ploti. Aliyenunua kwa deni lisilolipika huuziwa na benki kabla hajaona faida hiyo. Aliyechelewa miaka mitatu akanunua ndogo, bado ana ploti na bado ana shamba.

Wengine watasema: "Kilimo hakilipi tena, afadhali kodi ya nyumba." Kwao nauliza: je, shamba lako umelipa nafasi? Kama ng'ombe wako atoa lita 6 naye angeweza kutoa 12 kwa chakula bora, basi nyongeza hiyo huenda ikaleta pato kama la vyumba viwili, bila dalali na bila kesi. Mwite Bwana Shamba kwanza, kisha umwite fundi.

MASWALI MATATU

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, jibu maswali haya mbele ya watu wa nyumbani kwako. Pesa hizi zimetoka katika mazao au katika shamba? Hati ya muuzaji nimeithibitisha mwenyewe katika ofisi ya ardhi? Vyumba vikikaa vitupu miezi 6, tutakula nini?

Mwenye majibu mazuri kwa yote matatu na anunue; ninamtakia wapangaji wema. Asiye nayo angoje mavuno yajayo. Shamba lilipatikana kwa taabu, na deni lake lililipwa kwa jasho. Lijenge ploti ikiwezekana, ploti isilile.